Nani Ameshika Bureti?

Ukitaka kujua kama shule inalea wanasayansi, usianze na matokeo yaliyobandikwa ukutani. Ingia maabara siku ya kemia, wakati wanafunzi sita wamezunguka meza moja, uangalie mkono wa nani umeshika bureti. Mara nyingi utamkuta mvulana mmoja, yuleyule wa wiki iliyopita, anafungua na kufunga kibilula. Wawili wanachungulia begani kwake. Msichana ana kalamu na daftari, anaandika namba anazotajiwa. Wawili waliobaki wamesimama tu. Kipindi kikiisha wote sita watapata alama zilezile, lakini aliyefanya kemia ni mmoja.

Nimefundisha fizikia na kemia katika shule za kata kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kuwavuta watoto kwenye sayansi ni kuwaambia faida zake. Kila mwaka tulikuwa na siku ya taaluma. Tunakodi maturubai na viti, tunamwalika mgeni rasmi, naye anahutubia: taifa linahitaji wataalamu, someni sayansi, msiogope hisabati. Watoto wanapiga makofi. Ukifika wakati wa kuingia kidato cha tatu, ambapo kwa utaratibu tuliouzoea mwanafunzi huamua kama ataendelea na fizikia na kemia au ataziacha, wengi wa wale waliopiga makofi wanaziacha.

Sikuwalaumu, na leo nawaelewa zaidi. Mtu hachagui kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa. Mtoto wa kijijini amemwona mwalimu, muuguzi, askari, mwenye duka na dereva wa bodaboda. Ukimuuliza anataka kuwa nani, atakujibu kutoka kwenye orodha hiyo, akiongeza daktari na rubani kwa sababu ndivyo alivyozoeshwa kujibu tangu darasa la kwanza. Mbinu zote ninazoeleza hapa zinatoka kwenye jambo moja: msogeze mtoto karibu na kazi yenyewe, karibu kiasi cha kuigusa.

Anza na walio umbali wa kutembea

Walimu wengi wakisikia neno mwanasayansi wanamfikiria mtu wa Dar es Salaam au wa Ulaya, kisha wanaanza kupiga hesabu ya nauli. Nauli iache kwanza. Chukua karatasi uandike watu wote wanaoishi kwa sayansi ndani ya kata yako. Kituo cha afya kina mtu wa maabara na mtu wa dawa. Kuna bwana shamba au bibi shamba, na mtaalamu wa mifugo anayechanja ng'ombe. RUWASA, wakala wa maji vijijini, wana watu wanaopima maji ya visima. Barabara ikijengwa, yupo anayepima udongo na zege kabla lori halijamwaga kokoto. TANESCO wana mafundi, kampuni za simu zina watu wanaopanda minara, na mahali penye kituo cha hali ya hewa kuna mtu anayesoma kipimamvua kila asubuhi. Kata yangu, ambayo niliiona haina kitu, ilinipa watu kumi na mmoja.

Nitaeleza ziara moja kwa urefu, maana ndiyo iliyonibadilisha. Dada wa maabara wa kituo cha afya cha jirani alikuja Alhamisi mchana na hadubini ndani ya sanduku lake la mbao. Alikuwa amelipakata kwenye bodaboda kama mtu anayepakata mtoto. Tulikuwa tumekubaliana asikutane na shule nzima, akutane na wanafunzi kumi na wanne tu wa kidato cha pili. Alileta vioo vitatu vya damu vilivyokwisha kutiwa rangi, visivyo na jina la mgonjwa. Akaweka kimoja chini ya hadubini, akadondosha tone la mafuta juu yake, akashusha lenzi ya 100 mpaka ikagusa mafuta. Kisha akamwita msichana aliyekuwa amejibanza nyuma ya wenzake.

"Unaona nini, mdogo wangu?"

"Naona rangi tu, dada. Zambarau."

"Zungusha hicho kirungu taratibu. Taratibu zaidi. Sasa?"

Akanyamaza kwa muda. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

"Kuna kipete. Kipete chenye kidoa chekundu."

"Hicho ndicho kinachokulaza kitandani kila masika."

Kila mmoja alitazama. Hakuna aliyesukumwa kutazama, na hakuna aliyetosheka na mara moja. Halafu yule dada akawaonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitarajia. Akasema kumwambia daktari kwamba vimelea vipo hakutoshi, lazima amwambie ni vingapi. Anahesabu vimelea huku akihesabu na chembe nyeupe za damu, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Idadi ya vimelea anaizidisha kwa 8,000, kisha anagawanya kwa 200, kwa kuwa huchukuliwa kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe zipatazo 8,000. Ukihesabu vimelea 30, mgonjwa ana vimelea 1,200 katika kila mikrolita. Wanafunzi waliozoea kuniuliza uwiano utawasaidia nini maishani walikwenda ubaoni wenyewe, wakaanza kukokotoa kwa namba zao.

Mwisho akawaeleza njia aliyopita. Hakuwa wa kwanza darasani. Alianza na cheti, akafanya kazi, akarudi kusoma stashahada. Nilipopita kwenye madawati kesho yake nikakuta mmoja amechora kile kipete nyuma ya daftari la Kiswahili.

Ziara kama hiyo haijitokezi yenyewe. Kabla mgeni hajaja, kaa naye dakika kumi umwombe mambo manne. Alete chombo kimoja anachokitumia kila siku. Aeleze jana alifanya nini tangu alipofika kazini mpaka alipotoka, aache historia ya idara yake. Ataje kosa moja alilowahi kufanya kazini na jinsi alivyoligundua. Tena aseme ukweli kuhusu masomo yake: wapi, miaka mingapi, nani alilipa, somo gani lilimtesa. Hilo la kosa wageni wengi hulikwepa. Lishikilie, kwa sababu mtoto anayedhani wanasayansi hawakosei atajiondoa mwenyewe siku jaribio lake la kwanza litakapogoma. Wanafunzi nao wasizidi ishirini. Wakiwa mia mbili, itakuwa hotuba tu, hata kama hadubini iko mezani.

Ukishazoea walio karibu, andika barua kwa walio mbali kidogo. Barua ya mkuu wa shule, yenye mhuri, ikitangulia wiki tatu au nne, hufungua milango mingi kuliko watu wanavyodhani. Aliye Mtwara ana Naliendele, ambako TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanafanya utafiti wa korosho. Mbeya ipo Uyole, Mwanza ipo Ukiriguru yenye historia ndefu ya pamba, na Kilimanjaro ipo Lyamungu ya kahawa. Ifakara kuna watafiti waliozeeka wakimchunguza mbu. Unguja kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa wenzetu wa Kenya, Mombasa ina KMFRI ya bahari na uvuvi, na Nairobi ina icipe, kituo cha elimu ya wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970.

Na aliye Morogoro asimalize mwaka bila kuwapeleka wanafunzi kuwaona panya. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu. Panya mmoja aliyefunzwa pale, Magawa, alifanya kazi ya kutafuta mabomu huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza linalotuza wanyama mashujaa. Ninachopenda mtoto akione pale ni mwalimu wa panya. Ni mtu mwenye kazi, mwenye mshahara, anayekuja asubuhi na vipande vya ndizi kumfundisha mnyama. Hakuna mtoto ambaye angeitaja kazi hiyo ukimuuliza darasani.

Swali lisife mikononi mwako

Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inagombewa, naye akaamua asisubiri. Akaweka maziwa yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa.

Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Aliwasikia wauza aiskrimu wa Tanga wakisema nao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile, wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 makala yenye majina yao wawili ikachapishwa katika jarida la kufundishia fizikia. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanafizikia bado wanabishana linatokea lini na kwa nini.

Mpemba mwenyewe baadaye alifanya kazi ya wanyamapori. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaodhani kijana wa namna hiyo akitoka kwenye fizikia amepotea. Jicho lililoona maziwa yameganda ndilo hilohilo alilokwenda nalo porini.

Kwa mwalimu, fundisho la kisa hiki ni la vitendo kabisa. Jizoeze kusema maneno mawili: "Sijui. Tutalijaribuje?" Mimi ilinichukua miaka kuyatamka bila kuona aibu. Kisha funga daftari kwa kamba kwenye dirisha la darasa, liwe daftari la maswali. Anayeshikwa na swali aliandike, kwa Kiswahili au Kiingereza, aweke jina au asiweke. Ijumaa mkichagua moja mkalijadili kwa dakika ishirini, yatosha. Kwenye daftari la darasa langu moja kulikuwa na swali la kwa nini chapati hufutuka inapogeuzwa, na jingine la kwa nini redio hukwaruza pikipiki inapopita. La kwanza ni mvuke, la pili ni cheche za plagi zinazotoa mawimbi. Mada zote mbili zimo katika fizikia ya sekondari, isipokuwa kitabuni zimevaa nguo nyingine.

Maabara ya mia tano

Shule nyingi hazina maabara iliyokamilika, na zenye nayo hukosa kemikali. Pigania maabara, lakini usingoje ikamilike.

Nunua choya kavu ya shilingi mia tano sokoni. Chemsha kiganja kimoja kwenye vikombe viwili vya maji, chuja, gawa kwenye vikombe sita. Cha kwanza kikamulie ndimu. Cha pili tia siki. Cha tatu kiache kama kilivyo. Cha nne tia maji ya sabuni ya mche, cha tano maji ya majivu yaliyochujwa, cha sita chembe za magadi. Penye ndimu utaona wekundu umekolea. Kadiri unavyoelekea kwenye majivu na magadi, rangi inaingia giza, inageuka kuelekea buluu na kijani. Usiwaambie kitakachotokea. Waache wapange vikombe kwa mfuatano, wabishane, kisha wakuletee kitu chao kutoka nyumbani: dawa ya mswaki, maziwa ya mgando, maji ya kisimani. Baada ya hapo ndipo uwafundishe asidi na besi. Na uwaambie kwamba Mlingano, Tanga, kuna watu wanaolipwa kupima jambo hilohilo kwenye udongo wa mashamba, kwa vyombo bora zaidi.

Jaribio la pili linachukua siku arobaini, na ndilo ninaloliamini zaidi kwa sababu linafanana na kazi ya mtafiti. Kila nyumba inayohifadhi mahindi inamjua dumuzi. Tafuta makopo kumi na mawili yanayolingana, tia nusu kilo ya mahindi safi katika kila moja. Matatu yatie majivu, matatu majani makavu ya mwarobaini yaliyosagwa, matatu mmea ambao bibi zao huusifia, na matatu usitie kitu. Weka dumuzi ishirini katika kila kopo, funika kwa kitambaa chepesi. Siku ya arobaini chekecha, hesabu wadudu walio hai, pima mahindi kwa mizani ya dukani.

Watakuuliza kwa nini wapoteze mahindi kwenye makopo yasiyo na dawa. Jibu hilo ndilo moyo wa sayansi: bila makopo hayo hutajua kama mwarobaini umesaidia au dumuzi wangekufa tu. Watakuuliza pia kwa nini makopo matatu ya kila aina, siyo moja. Waache walione wenyewe siku ya kuhesabu, pale makopo mawili ya dawa moja yatakapotoa namba tofauti. Usilifiche jaribio lililoshindwa. Kikundi kimoja kilikuja kuniambia mmea wa bibi haukuzuia kitu, wakiwa wamenywea kama waliofeli. Niliwapa alama za juu kuliko wote, maana walikuwa wamepima jambo ambalo kijiji kizima kiliamini bila kulipima.

Kazi nzuri ipeleke mbele. Tangu mwaka 2012 maonesho ya Young Scientists Tanzania yamekuwa yakiwakutanisha wanafunzi wa sekondari na miradi yao, na miradi inayotoka kwenye tatizo la nyumbani huwa na nguvu. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, alikulia mahali penye shida ya maji safi. Alisoma mpaka Korea Kusini, akarudi Arusha akatengeneza chujio la maji, na mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza.

Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza

Hapa nitasema wazi ninavyoona. Watoto wengi tunaodai hawana akili ya sayansi wameshindwa Kiingereza cha kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anaingia sekondari, na ghafla kila kitu alichokijua kina jina jingine. Anadhani ni mambo mapya kabisa.

Mwambie aeleze kwa Kiswahili kwanza, kwa mdomo, mpaka aeleweke. Kisha muandike pamoja kwa Kiingereza cha mtihani. Na mahali ambapo Kiswahili cha mtaani kinachanganya, simama. Sokoni neno uzito hubeba mambo mawili ambayo fizikia inayatenga: tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo, na uzito wenyewe, yaani kani ambayo dunia inavuta nayo kitu hicho. Niliwahi kutumia kipindi kizima kwa tofauti hiyo tu, kwa gunia la mchele na hadithi ya mtu aliyepanda mwezini. Mwezi uliofuata mada ya kani ilikwenda haraka kuliko mwaka wowote niliowahi kufundisha.

Bureti ipite mikono yote

Turudi kwenye ile meza. Nilipoanza kuangalia kwa makini niliona wasichana wanaandika na wavulana wanashika. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Msichana ana mwandiko mzuri, basi apewe daftari. Baada ya miaka miwili mwandiko wake umezidi kuwa mzuri na bureti hajaigusa.

Dawa yake ni karatasi ukutani. Kila kikundi kina kazi nne: mshika chombo, msoma kipimo, mwandishi, mkaguzi. Kila kipindi kazi zinazunguka, na zamu imeandikwa kwa jina. Wavulana watalalamika kwamba wasichana wanachelewesha. Waache wachelewe. Yule mvulana hodari naye alichelewa mara yake ya kwanza, ila hakuna aliyemnyang'anya.

Waambie habari za Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971 katika anatomia ya mifugo, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Waambie habari za Profesa Julie Makani wa Muhimbili na utafiti wake wa selimundu. Ila majina makubwa yako mbali. Msichana wa kidato cha pili anamhitaji zaidi dada aliyemtangulia miaka sita au saba, aliyesoma shule hiyohiyo, akateka maji kisima hichohicho, na sasa yuko chuoni. Mtafute likizo. Mwombe akae na wasichana peke yao, mwalimu wa kiume asiwepo, waulize wanayotaka kuuliza: hosteli, ada, hedhi siku ya mtihani, na jinsi ya kumjibu baba anayesema uhandisi si kazi ya mwanamke.

Mweleze njia kama zilivyo

Usimdanganye mtoto kwamba akisoma sayansi ajira inamngoja mlangoni. Anao kaka na binamu wenye vyeti walioko nyumbani, anawaona. Mwambie ukweli: sayansi inampa milango mingi zaidi ya kugonga, na ustadi wa mikono ambao mtu anaweza kuanza nao hata bila kuajiriwa, lakini kugonga ni juu yake.

Mwambie pia kwamba njia siyo ile moja ya kidato cha sita, chuo kikuu, basi. Anayependa mawingu ajue kuna chuo cha hali ya hewa Kigoma. Anayependa mawe, kuna Chuo cha Madini Dodoma. Maji yana Chuo cha Maji Dar es Salaam, wanyamapori wana Mweka chini ya Mlima Kilimanjaro, mitambo ina DIT, MUST ya Mbeya na VETA za mikoa. Vyuo vya afya vya ngazi ya cheti na stashahada vimeenea. Ufaulu unaotakiwa uangalie kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka husika, usitegemee kumbukumbu za mwaka juzi, maana hubadilika. Hata tahasusi za kidato cha tano orodha yake ilipanuliwa mwaka 2024, na bado nakutana na walimu wanaowashauri watoto kwa orodha ya zamani. Kwa wanaofanya vizuri sana kidato cha sita katika tahasusi za sayansi kuna ufadhili wa Samia uliotangazwa mwaka 2022, na kwa wengine ipo mikopo ya elimu ya juu. Mzazi maskini akijua mapema kwamba fedha ya namna hiyo ipo, humwachia mtoto aendelee na fizikia.

Kwa baba na mama

Mzazi asiyejua kemia anaweza kufanya mengi. La kwanza, aache kusema mbele ya mtoto, "Hisabati hata mimi ilinishinda." Mtoto huichukua kauli hiyo kama urithi. La pili, jioni abadilishe swali. Badala ya kuuliza amekuwa wa ngapi, aulize, "Leo mwalimu amekuonyesha nini ambacho hukukijua?" kisha anyamaze asikilize. La tatu, redio ikiharibika au bomba likivuja, amwite binti yake ashike tochi na bisibisi, kama anavyomwita kaka yake. Bwana shamba akija shambani, mtoto awepo, amwamkie, aulize.

Haya yote nimeyaandika nikijua mwalimu ana vipindi vingi na madaftari mengi ya kusahihisha. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu kwa kuanzia. Wiki hii, ukitoka shuleni, pitia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Uliza maabara iko wapi, piga hodi, msalimie utakayemkuta, umwombe saa moja ya Alhamisi pamoja na hadubini yake. Mweleze kwamba wanafunzi hawatazidi ishirini.